Isale Katika Jumba la Mangi

Martin aliponiambia kwamba kwenye tamasha la jumba la Mangi, chifu wetu wa zamani, mimi nitapiga selo na Sylvanus atapiga vayolini, nilimuuliza kama amekosa kabisa kazi ya kufanya. Martin ni mwalimu wa muziki, mpole kama uji wa mgonjwa, na alipata kusoma seminari kabla ya kuoa. Watu wa namna hiyo huamini kwamba ukiwakalisha maadui chumba kimoja, Roho Mtakatifu atamalizia mwenyewe.

"Mwalimu Epifania," akasema, "wanaoweza kupiga vayolini ya muziki huu Moshi nzima hawajazi benchi moja la kanisani. Wa selo ni wewe peke yako. Nifanyeje?"

"Ukahubiri."

"Na wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Ndivyo. Na wakipatana, chukua kapu ukavune. Sasa wewe nenda ukalime, Martin, maana hapa hakuna mavuno."

Sylvanus ni mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Sote wawili tulifundishwa na sista mmoja wa misheni, Mjerumani aliyetembea na rula mkononi hata siku za sikukuu. Sylvanus alipewa vayolini kwa sababu alikuwa mdogo na mzuri wa sura. Mimi nilipewa selo kwa sababu, kwa maneno ya sista, nilikuwa na mabega. Muziki aliotufundisha ni ule wa baroko, wa Wazungu wa zamani waliopiga kwenye kumbi za wafalme wao, watu watatu wanne, bila spika wala makelele. Katika muziki huo vayolini ndiyo inayoimba na kusifiwa. Selo hutembea chini pamoja na kinanda, hatua kwa hatua, imembeba mwenzake. Nilimbeba Sylvanus mgongoni akiwa hajui kujifuta pua, nikaja kumbeba kwa selo akiwa na ndevu, na shukrani yake ni hii ninayowasimulia.

Baba yetu alipougua, mimi ndiye niliyekuwa pale nyumbani, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo. Nilimgeuza kitandani, nilimlisha mtori kwa kijiko, nilifua alichochafua. Sylvanus alikuwa Dar es Salaam akiwapigia watu vayolini kwenye kumbi za harusi. Alifika baba akiwa ndani ya jeneza. Kwa mila yetu Wachagga, nyumba ya baba huwa ya kitinda mimba, kwa hiyo alipewa nyumba, migomba, kahawa, na makaburi ya wazee wetu. Sikuwa na neno na hilo. Lakini aliposimama msibani akaanza kulia kwa sauti na kuueleza ukoo jinsi alivyompenda baba, nilishindwa kuvumilia. Nilisimama mbele ya wote nikasema kwamba huyu anayelia hakuwahi kufua hata shuka moja ya marehemu, na kwamba kama machozi yangekuwa dawa, angeyaleta mapema.

Sylvanus alingoja watu wanyamaze, akasema, "Dada asikanyage tena kwangu mpaka aniletee isale."

Kwetu milimani kila mtu anaijua isale. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa shamba, na ndio huohuo wa kuombea radhi. Ukimkosea mtu, unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea. Anayelipeleka amekiri kwamba kosa ni lake. Anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama uliyemkosea umemuulia ndugu. Ndiyo maana sikupeleka. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli haiombewi radhi.

Haikupita miaka mingi, mwanangu Joyness akafa. Alikuwa darasa la tatu. Alianza kuumwa kichwa Jumapili wakati wa misa, na Alhamisi nikawa sina mtoto. Baba yake alikuwa mtu wa kuja, alikwisha kwenda zake zamani bila kuleta kwetu hata debe la mbege, pombe ya posa, kwa hiyo Joyness alikuwa mtoto wa ukoo wa babu yake, na mahali pake pa kulala palikuwa kihambani, chini ya migomba, karibu na bibi yake. Baba mkubwa Sirili, mkubwa wa ukoo, alimwendea Sylvanus kumwambia achimbe kaburi. Jibu likaja. "Aje na isale. Akija nayo nitachimba kwa mikono yangu mwenyewe."

Mtoto yuko chumba cha maiti, na yeye anataka jani. Nilimwambia aliyeleta jibu arudi amweleze Sylvanus kwamba siombi radhi kwa maiti ya mwanangu. Nikamzika Joyness kwenye makaburi ya mjini, kule chini kwenye joto, kando ya mto. Wasio Wachagga hawawezi kuelewa aibu hiyo. Kwetu hata aliyefia ughaibuni hurudishwa milimani, watu wachangishane mpaka waombe mikopo. Wa kuzikwa mjini ni yule asiye na kwao.

Sasa masika iliyopita mto ule ukabomoa ukingo. Misalaba ya safu iliyo chini ya kaburi la Joyness ilikwenda na maji, na vilivyokuwa chini ya misalaba vikaenda navyo. Katekista wa kule alinishika mkono akasema, "Mama Joyness, masika nyingine sijui." Tangu siku ile nikisikia ngurumo silali.

Hiyo ndiyo sababu nilimkubalia Martin. Si Roho Mtakatifu. Baba mkubwa Sirili amezeeka, anaishi pale kihambani kwa Sylvanus, nami siwezi kukanyaga pale, na maneno ya kaburi hayasemwi kwenye simu. Lakini siku ya tamasha mzee angeletwa akae kiti cha mbele, maana amewahi kumtumikia Mangi ndani ya jumba lile akiwa kijana. Nilipanga nipige muziki, nimalize, nimshike mzee mkono mbele ya watu, nimwambie amwamuru Sylvanus.

Jumba lenyewe liko juu, barabara ya lami inapokwisha na migomba inapoanza kubana njia. Lilijengwa kwa mawe enzi ambazo kahawa ilikuwa na heshima. Lina baraza pana mbele na ukumbi wenye sakafu ya mbao, madirisha marefu, na meko ya kizungu ambayo kuku walitagia kwa miaka mingi baada ya enzi za machifu kufutwa. Wajukuu wa Mangi walikuwa wamelitengeneza upya, na tamasha lilikuwa la kulifungua. Kinanda kililetwa kwa gari la kubebea ndizi. Si kinanda cha kanisani. Ni kile cha zamani ambacho ukibonyeza, kitu kama ukucha kinadonoa uzi ndani. Padri mmoja mstaafu alikiunganisha mwenyewe kutoka vipande vya sandukuni, na ni Martin tu anayekiweza.

Mazoezi yalikuwa ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Sylvanus hakusema nami.

"Martin," alisema, "mwambie anayepiga selo asivute mwendo."

Martin akanitazama. Nikasema, "Mwambie anayepiga vayolini mwendo si wake. Kama anataka kukimbia, barabara iko nje."

"Jamani," Martin akasema, na tukaendelea.

Mapambo alipewa Doris, binti aliyezaliwa kule kambi za kiwanda cha sukari, wazazi wake watu wa mikoa mingine. Mchapakazi sana, na mdomo haukai. Asubuhi ya tamasha nilimkuta amekata masale, yale majani ya isale, mzigo mzima kwenye mpaka wa shamba la jirani na kuyapanga kwenye mitungi kila kona ya ukumbi.

"Madam, umeona? Yamependeza, si ndiyo? Tena ya bure," akasema.

Nikamwambia yamependeza. Kumweleza mtu kwamba amejaza ukumbi kwa uzio wa watu ni kazi, na mimi nilikuwa na uzio wangu wa kushughulikia. Baadaye wazee walipoingia waliyatazama yale majani wakatazamana, na shangazi Dominika akauliza kwa sauti kama Mangi amefufuka aje aombwe radhi na nchi nzima. Watu wakacheka, wakakaa.

Tulianza alasiri, baada ya hotuba ambazo sitazisimulia. Mapadri walikaa upande mmoja, Wazungu wa mashirika upande mwingine, na katikati wenyeji wa kata. Nusu ya watu wale walikuja kusikiliza muziki. Nusu nyingine walikuja kututazama sisi, maana ugomvi wetu ulijulikana mpaka sokoni.

Sonata ya kwanza ilianza kwa kipande cha haraka. Sylvanus alikianza kwa kasi ambayo hatukuifanyia mazoezi hata siku moja, makusudi, ili nionekane mzembe. Mimi sikumfuata. Nilikanyaga kila pigo mahali pake, Martin katikati akitoka jasho, mpaka Sylvanus akajikuta peke yake huko mbele akalazimika kurudi. Kidogo nitabasamu.

Akanilipa kwenye kipande cha polepole. Muziki ule unamruhusu mwenye vayolini kuongeza mapambo yake pale wimbo unaporudiwa, na selo humngoja. Sylvanus aliongeza. Alipanda, akashuka, akapanda tena, akakaa juu ya noti moja akiitikisa, na mimi nimeinua upinde hewani kama mtu anayesubiri mlevi amalize kuaga. Watu wakampigia makofi katikati ya wimbo. Akainama kidogo, mgongo wake kwangu. Nilitamani ule mgongo ungekuwa karibu zaidi na ncha ya upinde.

Ndivyo tulivyofika mapumziko. Wageni walitoka barazani kunywa mbege na soda, na Sylvanus akatoka nao kupokea sifa zake. Mimi nilibaki kwenye kiti changu. Sikutaka kusimama naye hata chini ya paa moja la baraza.

Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu, na upepo ulikuwa umeanza. Karatasi za noti za Sylvanus zikaruka kutoka kwenye stendi yake zikatawanyika sakafuni. Doris aliyekuwa anaokota chupa akazikimbilia, akazirudisha, upepo ukazipeperusha tena. Akatafuta kibanio, hakuna. Basi akachomoa jani moja refu kwenye mtungi uliokuwa karibu, akalizungusha juu ya karatasi na nyuma ya stendi, akalifunga fundo moja zuri kabisa.

Nikamwita kutoka kitini. "Doris, toa hilo."

"Kwani vipi, madam? Linashika kuliko klipu."

"Nimesema toa."

Lakini Martin alimwita mlangoni, soda zimekwisha, naye akaondoka mbio. Nikasimama, nikaegemeza selo kwenye kiti, nikaenda kulifungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza. Nilikuwa nimeinama juu ya stendi ya Sylvanus, vidole vyangu vyote kumi kwenye jani lile, niliposikia fimbo inagonga mbao. Baba mkubwa Sirili alikuwa mlangoni, ameshikwa mkono na shangazi Dominika.

Mzee alinitazama mimi, akatazama mikono yangu, akatazama fundo. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema, kwa sababu sikupata kingine cha kusema.

"Marahaba, mwanangu." Akanishukuru kwa Kichagga. "Aika. Aika sana. Sikudhani ningeishi mpaka leo."

Nilifungua kinywa nimweleze. Nyuma yao watu walikuwa wanaingia, na Dominika si mtu wa kukaa na neno. Liliwapita wale watu kwa minong'ono, safu moja hadi nyingine, kabla hawajakaa vizuri: Epifania amemletea mdogo wake isale. Sylvanus akaja nyuma ya wote. Alifika kwenye stendi, akaliona jani. Akanitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Akalifungua fundo taratibu kwa vidole vyake vya mpiga vayolini, akalitia lile jani mfuko wa shati, na ncha yake ikabaki inachungulia nje. Martin, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akabonyeza kinanda kutupa sauti ya kulinganisha nyuzi.

Sonata ya pili siwezi kuisifu, sikuisikia. Mikono yangu ilipiga yenyewe. Kichwani nilikuwa na kazi moja tu. Tukimaliza nisimame niseme, "Si mimi, ni binti wa mapambo," watu wacheke, Sylvanus aaibike na jani lake mfukoni, nami niende zangu na kweli yangu. Au ninyamaze. Na kunyamaza maana yake ni kwamba miaka yote hii nilikuwa mwongo, na yeye mtoto mwema aliyemlilia baba yake.

Kilichoniudhi zaidi ni jinsi alivyopiga. Hakuongeza pambo hata moja. Hakukimbia. Kila pigo nililoweka chini alilikanyaga palepale, kama mtu aliyekwisha kushinda na sasa hana haraka. Nje mawingu yalikuwa yameziba mlima wote, na katikati ya kipande cha polepole ngurumo ikapiga mbali, upande wa juu. Februari ilikuwa inakwisha. Nikaona ukingo wa mto unavyomeguka, bonge kwa bonge.

Tulipomaliza makofi yalikuwa mengi kuliko muziki ulivyostahili. Sylvanus akainua mkono, watu wakatulia.

"Wazee wangu, shikamooni. Wageni wetu, karibuni. Dada yangu ameniletea isale hapa mbele yenu." Akaitoa mfukoni, akaionyesha. "Kwetu haikataliwi. Mimi nimeipokea."

Doris alikuwa ameniletea glasi ya maji, amesimama ubavuni kwangu. "Isale ndiyo nini?" akauliza. "Mbona hilo jani ni mimi nili—"

Nikamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Hakumaliza. Namshukuru Mungu kwa viatu vya wazi.

Baba mkubwa Sirili alisimama na fimbo yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba kunyamaza tu hakutatosha. Mila yetu haimpokei mtu bubu.

"Epifania," akasema. "Jani hili ni lako?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wazungu walikuwa wanatabasamu, wakidhani ni sehemu ya tamasha. Sylvanus alikuwa ameliinua lile jani na hatazami pembeni. Maishani sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile.

"Ni langu, baba mkubwa."

"Taja kosa lako, watu wasikie."

Nilimnyang'anya Doris ile glasi nikanywa yote.

"Nilimtukana mdogo wangu," nikasema, "mbele ya ukoo, siku ya msiba wa baba yetu. Nilisema hakumpenda baba."

"Na unataka nini?"

"Nataka mwanangu alale nyumbani. Kabla ya masika."

Mzee akamgeukia Sylvanus. Sylvanus akasema, "Nilitoa neno langu zamani. Kaburi nitachimba kwa mikono yangu."

Tulinyweshwa mbege kwenye kata moja ya kibuyu, yeye kwanza, mimi baada yake, na shangazi Dominika akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Martin alikuwa amesimama kando ya kinanda anafuta macho kwa kitambaa. Alidhani ni kazi yake. Mpaka leo anasimulia kwamba muziki mtakatifu uliwapatanisha ndugu wawili, nami nimemwacha, maana mtu akifurahi bure hamdhuru mtu.

Mambo ya vibali na padri hayakuchukua muda. Katekista alitusaidia kule chini. Sitaeleza tulichokikuta wala jinsi nilivyokifunga kwenye kitenge. Kilikuwa kidogo, na nilikipakata mapajani njia nzima ya kupanda mlima, kutoka kwenye joto mpaka tulipoanza kuhisi baridi ya migomba. Nilimwambia Joyness, sasa hii baridi ndiyo ya kwenu.

Nilikanyaga kihamba cha baba yangu kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe. Sylvanus alikuwa ameanza kuchimba tangu asubuhi, peke yake, amekataa kusaidiwa. Mikono ya mpiga vayolini haikuumbwa kwa sepetu. Ilikuwa imetoka malengelenge, na malengelenge yamepasuka, na mpini una damu. Niliitazama ile damu kwa raha. Nisiseme uongo, ilinifariji kuliko mahubiri ya padri.

Tulimweka Joyness karibu na bibi yake. Padri akabariki, kwaya ndogo ikaimba, udongo ukarudishwa. Wazee wakaanza kuelekea uani kwenye nyama. Tukabaki sisi wawili tunasawazisha kaburi, yeye kwa sepetu, mimi kwa mikono. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu jumba la Mangi. Kaburi likishafungwa kwa mila na kwa sala, hakuna wa kulifungua. Sasa angeweza kuijua kweli, na asingeweza kufanya lolote nayo.

"Sylvanus," nikasema. "Lile jani la isale sikulileta mimi."

Aliendelea kupigapiga udongo kwa mgongo wa sepetu.

"Ni yule binti wa mapambo. Alifungia karatasi zako zisiruke. Mimi nilikuwa nalifungua niliondoe, na wazee wakanikuta. Sijakuomba radhi, na sitakuomba. Nililolisema msibani ni kweli na utakufa nalo."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa barazani, dirisha liko wazi. Nilimwona akilifunga. Nilikuona wewe ukihangaika nalo, unalivuta kama umeshika siafu." Aliichomeka sepetu ardhini akaegemea mpini kwa viganja vyake vilivyochubuka. "Nilisema mbele ya ukoo mpaka iletwe isale. Ningerudije nyuma, dada? Nilingoja uilete. Miaka yote nilingoja. Hukuileta. Nikasikia mto umefika safu ya chini ya Joyness. Basi nilipoiona pale, nikaichukua hiyohiyo."

Nilihisi nimepigwa kofi. Hata ushindi huo mmoja niliokuwa nimejiwekea alikuwa amekwisha kuula yeye, kama alivyokula mapaja ya kuku utotoni.

"Kwa hiyo ulisimama pale," nikasema, "ukaniacha nikajiaibisha mbele ya mapadri na Wazungu na kata nzima, nikakiri kosa, na wewe unajua si langu. Unajua kabisa, unanitazama."

"Na wewe ulikubali ni lako," akasema, "unajua si lako. Kama kwa mtoto ulikuwa unaweza kusema uongo pale jumbani, siku ile yuko chumba cha maiti ulishindwa nini?"

Aliichomoa sepetu, akaifuta udongo kwenye mgomba, akaenda uani kwa wazee. Nilibaki nimepiga magoti kwenye udongo mbichi wa mwanangu, na mvua ya kwanza ikaanza kugonga majani ya migomba. Nilitafuta jibu la kumrushia mgongoni kabla hajafika mbali. Sikuwa nalo, na hilo sijamsamehe mpaka leo.